Taarifa za mji wa Bagamoyo: ubao wa kata, kundi la WhatsApp, redio au gari la matangazo?

Mkazi wa Bagamoyo anayetaka kujua maji yatakatwa lini, fomu za mkopo wa halmashauri zinachukuliwa wapi, au kama bahari ya kesho inafaa kuingia, ana njia nyingi za kupata habari. Kuna ubao wa matangazo katika ofisi ya mtendaji wa kata, mkutano wa kitongoji, kundi la WhatsApp la majirani, redio, gari la matangazo linalopita na spika juu, kipaza sauti cha msikiti, na mjumbe wa nyumba kumi ambaye wazee wengi bado humwendea kwanza. Wingi huo una taabu yake, kwa kuwa tangazo moja huweza kumfikia mtu kwa sura tatu zinazotofautiana, na tangazo jingine lenye uzito zaidi lisimfikie kabisa. Ulinganisho huu unakusudia kumsaidia mkazi, hasa aliyehamia karibuni Magomeni, Dunda, Nianjema au Kisutu, kuchagua njia ipi aitegemee kwa jambo lipi.

Vipimo ninavyotumia ni vinne: nani anasimama nyuma ya taarifa, inafika upesi kiasi gani, inadumu muda gani ili mtu aweze kuirudia, na nani anaachwa nje. Kipimo cha kwanza nimekipa uzito kuliko vingine vyote, kwa sababu taarifa ikiwa na kosa, mwananchi lazima awe na mlango wa kubisha na mtu wa kumuuliza.

Ubao wa kata na kundi la WhatsApp

Hizi mbili ndizo zinazoshindana hasa, na ndizo zinazostahili kutazamwa kwa kirefu. Vijana wengi wa mjini hawajapita mbele ya ubao wa matangazo wa kata yao kwa muda mrefu, kwa imani kwamba lolote la maana litapigwa picha na kurushwa kwenye kundi. Imani hiyo ina ukweli wake, lakini picha inayorushwa huwa na upungufu ambao watu hawauoni mpaka umewagharimu.

Tazama tangazo la kawaida la ofisi ya serikali lilivyopangwa. Juu kuna nembo na jina la ofisi, chini yake kumbukumbu namba iliyoandikwa kwa kifupi “Kumb. Na.” pamoja na tarehe, kisha kichwa cha habari kwa herufi kubwa, kisha maelezo, na mwisho kabisa jina na cheo cha aliyetoa, sahihi yake na mhuri. Anayelipiga picha akiwa amesimama barabarani, au akiwa juu ya bodaboda, hulenga kichwa cha habari na aya mbili za mwanzo. Kwa hiyo kinachofika kwenye kundi ni habari isiyo na tarehe, isiyo na mhuri, na mara nyingi isiyo na mstari ule wa mwisho unaosema siku ya mwisho ya kupokea maombi. Picha hiyo ikisambazwa mwezi mmoja baadaye na mtu aliyeikuta kwenye kundi jingine, inasomeka kama habari ya leo. Ndiyo maana watu huonekana wakifunga safari kwenda ofisini kufuata nafasi iliyokwisha kufungwa, wakirudi wanailaumu ofisi kwa kosa lisilo lake.

Chukua mfano wa mikopo ya asilimia kumi. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kila halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wa utoaji urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Katika muda wote wa kusitishwa, matangazo ya zamani hayakufutika kwenye simu za watu, na ujumbe unaodai kwamba mtu anaweza kupata mkopo huo kwa kutuma ada ya fomu kwenye namba ya simu ni wa aina inayosambaa kirahisi pale ambapo taarifa rasmi imenyamaza. Mwenye mazoea ya kupita ofisi ya kata, au kumuuliza afisa maendeleo ya jamii ana kwa ana, huambiwa bure kwamba mikopo imesimama, na huwa miongoni mwa wa kwanza kusikia imerudi.

Kwa jambo lenye tarehe ya mwisho, lenye fedha ndani yake, au lenye kuhusu haki ya mtu, shauri langu halina utata: kundi la WhatsApp likujulishe tu kwamba kuna tangazo, kisha wewe nenda ukalisome lilipobandikwa. Kutoka Nianjema au Magomeni mpaka kwenye ofisi ya kata ni mwendo mfupi, na hata nauli ya bajaji ni ndogo ukiilinganisha na fedha ambazo mtu anaweza kuzituma kwa tapeli.

Uzito wa ubao unaonekana zaidi katika mambo ya mahakama. Mtu anapofungua shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, tangazo hutolewa kuwaita wenye pingamizi wajitokeze kabla ya siku iliyotajwa. Tangazo hilo hubandikwa kwenye ubao, na ndugu asiyekuwa na habari huweza kugundua baadaye kwamba msimamizi wa mirathi amekwisha kuteuliwa. Bagamoyo ni mji wa nyumba za urithi, nyingine zikiwa za bibi na babu waliofariki zamani na warithi wao wametapakaa Dar es Salaam, Unguja na kwingineko. Sijui jambo lolote la mji huu ambalo kundi la simu haliwezi kulibeba kwa usalama kuliko hili. Mwenye sehemu katika nyumba ya ukoo na anaishi mbali angefanya vyema kumwomba ndugu mmoja aliye karibu awe anapita mahakamani na kusoma ubao, hasa katika miezi ya baada ya msiba.

Hata hivyo ubao una kasoro ambazo sitazificha. Wa kwanza kuubandua ubao ni mvua na jua la pwani, kwa maana karatasi huchakaa, wino hupauka, na tangazo jipya hubandikwa juu ya la zamani ambalo muda wake haujaisha. Ofisi nyingine huweka ubao wake ndani, mlango ukifungwa alasiri hakuna anayeweza kusoma. Na ubao haumfuati mtu. Mvuvi anayetoka pwani saa tatu asubuhi akiwa hajalala, au mama anayefungua genge lake alfajiri, hana muda wa kupita ofisi ya kata kila siku. Hapo ndipo kundi la WhatsApp linapopata heshima yake halali. Mwenyekiti wa kitongoji akiwa ndani ya kundi na akijibu maswali kwa jina lake, kundi hilo linakaribia kuwa sawa na ofisi, na kwa wepesi linaishinda.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kuliamini kundi ni hili: aliyeweka taarifa ni nani, na je, naweza kumfikia? Kundi ambalo msimamizi wake anafahamika, linaloondoa habari isiyothibitishwa na kumtaka mletaji aseme ameitoa wapi, lina thamani kubwa. Kundi lenye mamia ya namba zisizo na majina, ambamo kila mtu hurusha “imetumwa kama ilivyopokelewa”, lifae kwa salamu na matangazo ya biashara ya majirani, basi. Inafaa pia wanakundi wajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza taarifa ya uongo kwa nia ya kupotosha, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya matumizi ya taarifa za watu. Picha za vitambulisho vya NIDA vilivyookotwa stendi, zikirushwa kundini na namba zote zikionekana, zinamweka mwenye kitambulisho katika hatari. Aliyeokota angetaja jina la mwenyewe tu na kusema kitambulisho kimepelekwa ofisi gani.

Kwa ujumbe wa utapeli, ule wa “tuma hela kwenye namba hii”, hakuna haja ya kubishana na mtumaji. Unaupeleka kwenda namba 15040, ambayo imewekwa kwa ajili ya kuripoti namba za matapeli, na unaweza kupiga *106# ili kuona kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Mkutano wa kitongoji

Mkutano ni njia ya polepole kuliko zote, na ndiyo pekee inayomruhusu mkazi kuuliza swali mbele ya wenzake na jibu likaandikwa katika muhtasari. Kwa upande wa vijiji, sheria inataka mkutano mkuu uitishwe walau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi ni miongoni mwa mambo ambayo wanakijiji wana haki ya kusomewa. Katika vitongoji vya mjini mahudhurio mara nyingi huwa hafifu, wanaokuja wakiwa ni wazee na akina mama wale wale, na jambo hilo linasikitisha kwa sababu maamuzi yanayogusa wote, kama vile michango ya ulinzi shirikishi, siku ya usafi, mahali pa dampo au majina ya kaya zitakazoingizwa katika mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, hupita mkutanoni.

Ukiulinganisha mkutano na kundi la simu katika jambo la mchango, tofauti yake ni hii. Mchango uliotangazwa kundini huja na kiasi na namba ya kutumia, nao hauna maelezo ya nani aliupitisha. Mchango uliopitishwa mkutanoni una tarehe ya mkutano, idadi ya waliohudhuria na muhtasari uliosainiwa, na mkazi ana haki ya kudai stakabadhi. Ningemshauri mtu yeyote asilipe mchango wa kitongoji mpaka aambiwe ulipitishwa katika mkutano gani.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulitoa mfano mzuri wa faida ya mazungumzo ya ana kwa ana. Uandikishaji wa wakazi ulifanyika kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na katika siku hizo watu wengi walichanganya mambo mawili: daftari la kudumu la wapiga kura, ambalo ni kwa ajili ya uchaguzi mkuu, na daftari la mkazi, ambalo ndilo lililomwezesha mtu kumchagua mwenyekiti wa kitongoji chake. Mwenye kadi ya mpiga kura alijiona amemaliza. Jambo la aina hiyo haliingii katika picha moja ya tangazo, linahitaji mtu aulize, “Mimi ninayo kadi, sasa nijiandikishe tena kwa nini?” na mwenyekiti amjibu palepale, wengine kumi wasikie.

Pale ubao unapokuwa mtupu na mkutano haujaitishwa, bado kuna mlango mwingine ambao wakazi wachache huutumia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuiandikia ofisi ya umma na kuomba taarifa iliyo mikononi mwake, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Ni njia ndefu na yenye urasmi, kwa hiyo haifai kwa habari ya maji kukatika, lakini kwa anayetaka kujua fedha za mradi wa darasa au zahanati zimetumikaje inafaa kuliko minong'ono ya kijiweni.

Redio na bahari

Kwa habari ya hali ya hewa, mpangilio wangu unabadilika kabisa. Ubao ni mzito mno, mkutano hauna nafasi, na kundi la WhatsApp ni la hatari, kwa sababu hofu husambaa kwa kasi kuliko tahadhari yenyewe. Hapa chaguo la kwanza ni redio, pamoja na taarifa zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, moja kwa moja katika kurasa zake.

Taarifa za TMA zina lugha yake maalumu, na anayeijua hatahitaji kutafsiriwa na kundi. Kuna ngazi tatu: angalizo, linalooneshwa kwa rangi ya njano, tahadhari, kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, kwa rangi nyekundu. Taarifa hutaja pia mikoa inayohusika, siku, na kipimo, na mvuvi wa hapa amezoea kusikia maneno kama “upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayozidi mita 2”. Ujumbe wowote unaosambazwa ukisema kuna kimbunga kinakuja, bila ngazi, bila mikoa na bila tarehe, hauna sura ya taarifa ya TMA.

Wakazi wa mwambao wameona vimbunga viwili vya karibuni vilivyokwenda njia tofauti. Mwezi Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitangazwa kuelekea pwani yetu, kikapoteza nguvu kadiri kilivyokaribia. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kweli, kikatua Mafia tarehe 4, na vyombo vya usafiri wa baharini kati ya Dar es Salaam na Unguja vikasitishwa. Aliyekuwa amejifunza kutokana na Jobo kwamba “hawa wanatisha watu tu” alikuwa katika hatari alipokuja Hidaya. Kimbunga hubadilika kikiwa njiani, kwa hiyo taarifa ya jana asubuhi haitoshi kwa safari ya leo jioni, na picha iliyohifadhiwa kwenye simu haiwezi kujirekebisha kama redio inavyosoma taarifa mpya kila inapotoka.

Kuna njia moja zaidi ambayo wavuvi wa soko la samaki hawataiacha, nayo ni kuulizana wao wenyewe pale pwani wakati ngalawa na madau yakirudi. Nahodha aliyetoka nje usiku ameuona upepo wa kusi kwa macho yake, na anajua unavyochafua bahari mahali ambapo taarifa ya mkoa mzima haiwezi kutaja. Ninaiheshimu elimu hiyo. Lakini nahodha anaeleza bahari aliyotoka nayo, na TMA inaeleza ile inayokuja. Mwenye kupeleka vijana baharini anahitaji zote mbili, na zikipingana, aifuate ile inayosema abaki nchi kavu.

Maji, umeme na gari la matangazo

Mji wa Bagamoyo unahudumiwa na DAWASA, mamlaka ile ile inayohudumia Dar es Salaam, ingawa mtambo mkubwa wa Ruvu Chini unaosukuma maji kwenda jijini uko ndani ya wilaya yetu. Maana yake kwa mkazi ni kwamba tangazo la matengenezo ya mtambo hutolewa kwa orodha ndefu ya maeneo, na jina la mtaa wako linaweza kuwa katikati ya majina mengi ya Dar es Salaam. Kwa jambo hili kundi la simu linafaa sana, kwa sababu kosa lake ni dogo: ukijaza ndoo na maji yasikatike, hujapoteza kitu. Vivyo hivyo kwa umeme. Bora tu mtu asome orodha nzima mwenyewe asitegemee aliyesema “na sisi tumo”.

Gari la matangazo, au bajaji iliyofungwa spika, ni mrithi wa mbiu ya mgambo, ambayo waliotutangulia walisema ikilia ina jambo. Nguvu yake ni kwamba inamfikia asiye na simu, asiyesoma na asiye na redio, hata akiwa jikoni. Udhaifu wake ni mwendo. Bajaji inaingia mwanzo wa mtaa ikisema kuanzia kesho saa mbili asubuhi, na ikifika mbele ya nyumba ya tano sauti inakuwa kwenye majina ya wadhamini, hivyo mwenye nyumba anabaki na saa bila mahali, jirani yake anabaki na mahali bila saa. Kwa kampeni ya chanjo ya watoto, ambayo huendeshwa kwa siku kadhaa na wahudumu hupita nyumba kwa nyumba, njia hii inatosha na inapendeza. Kwa jambo la saa maalumu, wenye kutangaza wangesimamisha chombo kila kona na kurudia tangazo zima mara mbili kabla ya kusogea, na wakazi wawe tayari kulisimamisha na kuuliza.

Msiba

Hapa sina haja ya maneno mengi. Kipaza sauti cha msikiti na simu za ndugu vinatosha, na taarifa ya mazishi baada ya adhuhuri au baada ya alasiri huenea mji mzima kabla ya jua kupanda. Kwa Wakristo, kanisa na jumuiya ndogo ndogo hufanya kazi hiyo hiyo. Ombi moja tu: asiwepo wa kutangaza kifo kundini kabla ya familia yenyewe, maana mtoto wa marehemu aliye safarini hastahili kuipata habari hiyo kwenye simu kati ya matangazo ya mauzo ya viwanja.

Wanaoachwa nje

Kipimo changu cha nne kinabadilisha matokeo kwa nyumba nyingi. Mzee asiyeona hasaidiwi na ubao, na kundi la WhatsApp humfaa pale tu mtu anapotuma kwa sauti. Kiziwi haisikii bajaji wala redio, na kwake yeye ubao na ujumbe wa maandishi ndiyo njia za uhakika. Mama mwenye simu ya kitochi yuko nje ya kundi moja kwa moja, hata kama ndiye mwenye wajukuu wanaotakiwa kuandikishwa shule. Kwa watu hawa mjumbe wa nyumba kumi, utaratibu uliorithiwa tangu enzi za TANU na ambao mpaka leo ni wa chama cha CCM, bado hufanya kazi ya kupita mlango kwa mlango ambayo hakuna chombo kingine kinachoifanya. Mkazi asiyekuwa wa chama hicho asione haya kumwuliza mjumbe habari ya jirani mgonjwa au siku ya kliniki. Ila kwa barua za utambulisho na mambo yote ya kiserikali, anayehusika ni mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji.

Ndani ya nyumba moja, mgawanyo mwepesi ni kijana kubaki kwenye kundi na kusoma kwa sauti yanayowahusu wakubwa, mtu mzima mmoja kupita ofisi ya kata na mahakamani siku ya kwenda sokoni, na redio kuachwa wazi wakati wa taarifa ya habari. Anayehamia upya aanze kwa kwenda kujitambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji chake, aandikwe katika daftari la wakazi, na palepale aulize mambo matatu: ubao uko wapi, mkutano ujao ni lini, na kundi lipi ndilo ambalo mwenyekiti mwenyewe yumo.

Pale wewe ndiye mwenye taarifa

Kuna siku mkazi hutoka kuwa msikilizaji akawa mtoaji, na uchaguzi wa njia hapo huhesabiwa kwa dakika. Mtoto akipotea, kipaza sauti cha msikiti ulio karibu ndicho cha kwanza, kwa kuwa kinawafikia watu waliopo mtaani wakati huo huo. Papo hapo mtu mwingine apige polisi kwa namba 112, na namba 116 ipo kwa ajili ya mambo ya watoto, pamoja na kuripoti ukatili dhidi yao. Picha ya mtoto irushwe kwenye makundi ikiwa na nguo alizovaa, mahali alipoonekana mwisho, saa, na namba moja tu ya mzazi. Akipatikana, aliyeirusha arudi kila kundi kusema amepatikana, ili picha ile isiendelee kuzunguka nchi nzima.

Moto unaripotiwa 114, rushwa 113 kwa TAKUKURU, na maswali ya afya yanapokelewa kwa namba 199. Namba hizi ziandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya mlango, mahali mtoto anapoweza kuzisoma simu ikiwa mkononi mwa jirani.

Aliyepoteza cheti, kitambulisho au hati ya nyumba aanzie polisi kwa taarifa ya upotevu, ndipo atangaze. Akitangaza kwanza kundini na kuiacha polisi kwa baadaye, hana karatasi ya kumwonesha afisa wa NIDA wala wa ardhi. Na tangazo lake la ubaoni liwe na yale yale anayoyadai kwa wengine: tarehe, jina kamili, kitu kilichopotea bila namba zake za siri, ofisi ambako aliyeokota akipeleke, na siku ambayo mwenyewe atakuja kulibandua.